Bustani Iliyovurugwa na Viboko



Ukifika Ujiji, kwenye ukumbusho wa Dk. David Livingstone, utakuta uwanja wazi, mnara wa mawe, na miembe inayosemwa kuwa imetokana na ule mwembe wa kale. Wageni hupiga picha na kuondoka, wakikumbuka tu kwamba hapo Henry Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Leo nakuomba ukae kidogo kivulini, nikusimulie juu ya Livingstone mpandaji miti.

Alizaliwa Blantyre, Uskoti, tarehe 19 Machi 1813, siku tunayomwadhimisha Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa wafanyakazi. Naye alianza kazi mapema. Akiwa na miaka 10 aliingia kiwanda cha nyuzi za pamba, akitumika tangu alfajiri hadi usiku, kitabu cha Kilatini kikiwa wazi juu ya mashine. Akasomea udaktari, na mwaka 1841 akafika kusini mwa Afrika kama mmisionari wa Kiprotestanti.

Huko Kolobeng, katika Botswana ya leo, alichimba mfereji pamoja na watu wa Chifu Sechele ili mto umwagilie bustani zao. Mvua zikakatika, mto ukakauka. Mwaka 1848 alimbatiza Sechele; haukupita muda mrefu, chifu akamrudia mmoja wa wake aliokuwa amewaacha. Mwaka 1850 Livingstone alimzika hapo bintiye mchanga, Elizabeth. Bustani imekauka, mwongofu ameanguka, mtoto amekufa. Je, wewe usingekata tamaa?

Novemba 1855 alifika kwenye maporomoko makubwa ya Zambezi. Katika kisiwa kilicho ukingoni mwa maporomoko aliona udongo unapata unyevu wa mvuke daima. Akapanda mbegu za pichi, aprikoti na kahawa, akaagiza ujengwe uzio, akachonga herufi za jina lake na mwaka kwenye gome la mti. Aliporudi mwaka 1860, viboko walikuwa wameivuruga bustani yote.

Sisemi alikuwa malaika. Kwa miaka mingi mkewe Mary na watoto waliishi mbali naye, nao waliumia. Mary alipomfuata Zambezi, homa ikamuua mwaka 1862, akazikwa Shupanga chini ya mbuyu.

Ndipo tunarudi Ujiji kwetu. Julai 1871, huko Nyangwe kwenye mto Lualaba, Livingstone aliona watu wa wafanyabiashara ya watumwa wakiwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni. Akarudi Ujiji mgonjwa na moyo umevunjika, akakuta bidhaa alizotumiwa zimekwisha kuuzwa. Stanley akamkuta hali hiyo, akampa chakula na dawa, akamsihi warudi Ulaya. Livingstone akakataa.

Alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kama mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Juni, Sultani wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mtu aliyelia juu ya biashara ile miaka mingi hakuiona siku hiyo.

Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti pale Chitambo, wakaubeba mwili kwa karibu miezi tisa hadi Bagamoyo, ambako ulipokelewa kwenye misioni ya mapadre wetu wa Roho Mtakatifu. Na Sechele? Aliendelea kuwafundisha watu wake Injili, na wengi wakawa Wakristo.

Mpendwa msomaji, nikikusimulia haya najikumbuka mwenyewe. Nikiwa padri kijana nilipanda michungwa nyuma ya nyumba ya mapadre. Nusu ililiwa na mbuzi. Nusu iliyobaki ilikuwa karibu kuzaa, nikapata barua ya uhamisho. Nilinung'unika njia nzima. Miaka ilipita, nikaalikwa kusherehekea Misa huko, na mtoto wa katekista akaniletea chungwa kwenye sahani. Hakujua nani aliupanda mti ule, na mimi sikumwambia. Nilikula kwa aibu.

Bwana wetu alituambia kwamba anayepanda na anayevuna si lazima awe mtu mmoja. Paulo naye alikiri kwamba kazi yake ilikuwa kupanda tu. Anayekuza ni Mungu. Musa aliiona nchi ya ahadi kutoka mlimani, asiingie.

Pengine wewe ni mama unayemwombea mwanao aliyepotelea mjini. Pengine ni katekista wa kigango cha watu kumi na wawili. Pengine umefundisha, umelea, umesamehe, na viboko wamepita juu ya yote. Usiihesabu kazi yako kwa mavuno uliyoyaona. Utaulizwa kama ulipanda.

Juma hili fanya jambo moja: panda mti. Uwe mwembe au mchikichi, uweke mahali pa wazi, kanisani au shuleni, ambapo wewe hutakula matunda yake. Ukipanda, usiandike jina lako. Mungu analijua.

Nakutakia Dominika njema.