MIWANI YA ROOSEVELT

Wanachama wenzangu, safari hii nawaletea habari za mtu ambaye hakuwa wa kwetu, ila alipita hapa hapa Kisumu. Ilikuwa Desemba 1909. Gari moshi lilimleta kutoka Nairobi hadi kando ya ziwa, mji ukiwa bado mchanga, maana reli yenyewe ilifika mwaka 1901. Akapanda meli iliyoitwa Clement Hill, akavuka kwenda Entebbe. Huyo ni Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani tangu 1901 hadi 1909. Wengi wamesikia kwamba alikuwa mwindaji. Wasichojua ni kwamba macho yake yalikuwa mabovu.

Alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, akawa mtoto wa kusumbuliwa na pumu. Alipata bunduki yake ya kwanza akiwa na miaka kama 13 hivi. Basi ikawa wenzake wanaona vitu vya kulenga, yeye haoni kitu! Akabaki kushangaa. Siku moja wenzake wakasoma kwa sauti tangazo lililokuwa mbali, la herufi kubwa kubwa. Kumbe yeye hizo herufi hazioni kabisa. Akamwambia baba yake, akapata miwani, na dunia ikawa mpya machoni pake.

Hebu fikirieni, jamani. Miaka yote hiyo mtoto haoni mbali na hakuna ajuaye, hata mwenyewe. Na hapa kwetu je? Wapo wanaonakili daftari la jirani kila siku kwa sababu ubao kwao ni ukungu mtupu, na hawamwambii mwalimu wakiogopa kuitwa macho manne.

Miwani haikumfanya bingwa wa shabaha. Aliandika waziwazi kwamba hatakuwa zaidi ya mpigaji wa kawaida, kwa kuwa macho yake ni mabaya na mkono hautulii sana. Alichofanya ni kuwinda bila kuchoka, na kufanya mazoezi mpaka akaweza kumpiga mnyama wa porini karibu sawa na anavyopiga shabaha iliyosimamishwa. Tena alitembea na miwani ya akiba, maana mtu kama yeye miwani ikivunjika porini, amekwisha.

Halafu likaja la pili. Akiwa rais alipenda sana ndondi, na siku moja kapteni mmoja kijana alimchapa ngumi ya jicho la kushoto. Mishipa ikapasuka, jicho likafifia, na baadaye likapofuka kabisa. Wakati ule hakutangaza. Bahati yake, alilenga kwa jicho la kulia. Anayeweka bunduki bega la kulia hutumia jicho la upande huo kupanga alama za mtutu na shabaha katika mstari mmoja. La kushoto wengi hulifumba tu. Mwenyewe alikiri kwamba lingeumia la kulia, asingeweza kupiga bunduki tena.

Kwa hiyo aliposhuka Mombasa Aprili 1909, jicho la kutegemewa lilikuwa moja. Alikuwa na wabeba bunduki, Bakari na Muhamed, na macho yao yalimsaidia pale yake yaliposhindwa. Alikosa mara nyingi, akafyatua tena. Yeye na mwanawe Kermit, ambaye wapagazi walimwita Bwana Maridadi, waliua wanyama wakubwa 512, na wa baba peke yake ni 296. Walikuwa wakikusanyia makumbusho ya Smithsonian, lakini mimi naona ni wengi mno hata kwa makumbusho.

Tarehe 14 Oktoba 1912, huko Milwaukee, Roosevelt mwenyewe akawa shabaha. Mtu alimpiga risasi ya kifua. Ilipita kwanza kwenye karatasi 50 za hotuba zilizokunjwa mfukoni, na kwenye kibweta cha chuma cha miwani yake, ikapungua nguvu. Akasimama akahutubia hivyo hivyo, damu ikimtoka. Madaktari waliiacha risasi mwilini, na alikuwa nayo bado alipofariki tarehe 6 Januari 1919.