Hans Fischer: mkemia aliyefumbua siri ya wekundu wa damu

Mkulima wa Gashonga anayepalilia kahawa yake ana chuma katika damu, na majani anayoyasogeza kwa mkono yana magnesiamu. Akisafiri kuelekea mashariki mpaka msitu wa Nyungwe, huenda akabahatika kumwona shorobo akiruka kutoka mti hadi mti, na wekundu unaowaka katika mbawa za ndege huyo una shaba ndani yake. Damu, jani na unyoya ni vitu vitatu ambavyo jicho halioni udugu wowote baina yao. Udugu huo upo, na aliyeuthibitisha kuliko mtu mwingine yeyote ni Mjerumani Hans Fischer, aliyefariki mjini Munich tarehe 31 Machi 1945.

Fischer alizaliwa tarehe 27 Julai 1881 huko Höchst, kando ya mto Main, karibu na Frankfurt. Baba yake, Eugen Fischer, alikuwa mkemia na mkurugenzi katika kampuni ya Kalle ya Wiesbaden, iliyotengeneza rangi za viwandani. Rangi ndizo zilizokuwa riziki ya nyumba hiyo. Kijana alisoma Stuttgart na Wiesbaden, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Lausanne, na baadaye Marburg, akichukua masomo mawili kwa pamoja: kemia na udaktari wa binadamu. Alipata shahada ya uzamivu katika kemia mwaka 1904, na mwaka 1908 akafuzu udaktari mjini Munich. Mchanganyiko huo ndio uliomjenga. Wakemia wengi wa wakati wake waliijua damu kama kimiminika kilicho ndani ya chupa; yeye aliijua pia kutoka wodini.

Alifanya kazi kwa muda mjini Berlin katika maabara ya Emil Fischer, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1902. Hawakuwa ndugu, ingawa majina yao yamewachanganya wanafunzi wengi. Mwaka 1911 alirejea Munich, akafundisha tiba na baadaye fiziolojia. Mwaka 1916 aliitwa Innsbruck kuwa profesa wa kemia ya tiba, mwaka 1918 akahamia Vienna, na tarehe 1 Aprili 1921 akakabidhiwa kiti cha kemia ogania katika Chuo cha Ufundi cha Munich. Hapo alikaa mpaka mwisho wa maisha yake.

Swali alilolibeba miaka yote hiyo linaweza kuelezwa kwa maneno machache. Damu ikichemshwa pamoja na asidi ya siki na chumvi hutoa fuwele ndogo za rangi ya hudhurungi ziitwazo hemini. Humo ndimo kilimo chuma cha damu. Lakini kimeshikwa na nini? Jibu ni pofirini, jina linalotokana na neno la Kiyunani la rangi ya zambarau. Pofirini ni pete kubwa iliyoundwa kwa pete nne ndogo ziitwazo piroli. Kila piroli ina atomu nne za kaboni na moja ya nitrojeni, na nitrojeni zote nne huelekea katikati. Chungu cha jikoni huketi juu ya mafiga matatu. Atomu ya metali huketi katikati ya mafiga manne. Ikiwekwa chuma, inapatikana hemu, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Ikiwekwa magnesiamu, na pete yenyewe ikibadilishwa kidogo, inapatikana klorofili, ukijani wa jani unaonasa nuru ya jua.

Wazo la pete hiyo halikuwa lake. Mjerumani mwenzake William Küster ndiye aliyeichora mwaka 1912, na wakemia wengi waliikataa kwa hoja kwamba pete kubwa kiasi hicho haiwezi kuwa imara. Fischer mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliosita kwa miaka mingi. Lakini alikuwa mtu wa kupima kwanza na kubishana baadaye, na vipimo vyake vyenyewe ndivyo vilivyomrudisha kwenye mchoro wa Küster.

Sehemu ya historia hii inayogusa zaidi haimhusu profesa, bali mgonjwa. Mathias Petry aliugua pofiria ya kuzaliwa nayo, maradhi adimu ambayo mwili hutengeneza pofirini kupita kiasi na kushindwa kuitumia. Mkojo huwa mwekundu, na ngozi ikipigwa na jua hutoka malengelenge na makovu yanayoharibu uso na vidole. Munich ilikuwa imekwisha kuona jinsi jua na pofirini visivyopatana: mwaka 1912 daktari Friedrich Meyer-Betz, aliyewahi kuandika pamoja na Fischer, alijidunga gramu 0.2 za hematopofirini, na baada ya hapo mwanga wa jua ukamvimbisha uso na mikono. Yeye alipona. Petry hakuwa na njia ya kupona. Kuanzia mwaka 1915 Fischer alichunguza mkojo wake, akatenga pofirini mbili zilizokuwa hazijulikani vyema kabla yake. Petry aliwahi pia kufanya kazi ya msaidizi katika maabara ya Fischer, akihudumia uchunguzi uliotokana na maumivu yake mwenyewe, mpaka alipofariki mwaka 1925. Vitabu vya kemia humtaja kwa nadra. Kwa maoni ya mwandishi huyu, jina lake lingestahili kutajwa kila inapotajwa tuzo iliyofuata.

Hapa ndipo shorobo anapoingia. Mwaka 1869 mkemia Mwingereza Arthur Church alitangaza kwamba rangi nyekundu ya mbawa za ndege huyo ina shaba, na kwamba huyeyuka katika maji yenye magadi. Aliiita turasini. Wengi walishangaa, kwa kuwa hakuna aliyetarajia kukuta metali ya sufuria katika unyoya. Mwaka 1924 Fischer na msaidizi wake Hilger walionyesha kwamba turasini ni shaba iliyoketi ndani ya pofirini ya jamii ileile iliyotoka katika mkojo wa Petry. Tofauti ndogo baina ya hizo mbili ilikuja kubainika baadaye. Ndege huyo anaishi Afrika peke yake, na aina inayoitwa shorobo wa Ruwenzori hupatikana tu katika milima ya ukanda wetu huu, Nyungwe ikiwamo. Kile ambacho kwa Petry kilikuwa adhabu, kwa ndege ni pambo.

Kujua kitu kimeundwaje hakukumtosha Fischer. Katika kemia, uthibitisho kamili ulikuwa kukijenga upya kutoka katika vitu vya kawaida. Yeye na wanafunzi wake waliunganisha piroli mbili mbili, kisha wakaziyeyusha pamoja ndani ya asidi za ogania zilizopashwa moto mpaka pete ikajifunga. Ugumu ulikuwa katika mpangilio. Vijitawi vinavyoning'inia pembeni mwa pete ya damu vinaweza kupangwa kwa namna 15, na ni namna moja tu inayopatikana mwilini. Ilibainika kuwa ni ya tisa katika hesabu ya Fischer, na mpaka leo inaitwa protopofirini ya tisa. Mwaka 1929 hemini iliyotengenezwa maabara ilikuwa tayari, na haikuweza kutofautishwa na ile ya damu. Küster alifariki mwaka huohuo. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1930 alipewa Fischer peke yake, kwa utafiti wake wa hemini na klorofili.

Maabara ya Munich ilifanya kazi kama kiwanda. Inahesabiwa kuwa humo zilijengwa pofirini zaidi ya 130 na kufanyika vipimo vidogo zaidi ya 60,000. Matokeo yake yalikusanywa katika kitabu kikubwa juu ya kemia ya piroli, kilichotoka kwa sehemu tatu kati ya 1934 na 1940. Katikati ya kazi hizo, mwaka 1935, akiwa na zaidi ya miaka 50, alimwoa Wiltrud Haufe. Katika miaka ya vita alifanikiwa kuijenga bilirubini, ile manjano inayotokana na kuvunjika kwa hemu, ambayo mama wengi wameiona katika macho ya watoto wao wachanga. Ukijani wa jani ulibaki. Umbo lake alikuwa amelifafanua karibu lote, lakini hakuwa amelijenga.

Vita havikumsubiri. Mabomu yaliyomiminwa juu ya Munich yaliiharibu taasisi yake, pamoja na matunda ya kazi ya zaidi ya miaka 20. Wiki chache kabla ya Ujerumani kusalimu amri, Fischer, akiwa na umri wa miaka 63, alijitoa uhai.

Elimu aliyoiacha imefika mbali na Munich. Tangu mwaka 1971 hemu imekuwa ikidungwa katika mshipa kutibu mashambulizi makali ya baadhi ya aina za pofiria. Bonde la Bugarama, ambako mpunga na mbu hustawi pamoja, lina sababu nyingine ya kuijua pete hiyo: kimelea cha malaria hula damu, na hemu inayobaki ni sumu kwake, hivyo huigeuza fuwele zisizomdhuru. Klorokwini ilifanya kazi kwa kuuzuia ugeuzaji huo, kabla ya vimelea kuizoea.

Klorofili nayo ilipata wajenzi wake. Mwaka 1960 kundi la Robert Woodward wa Harvard lilitangaza kukamilisha ujenzi wake, na mwaka huohuo kundi la Martin Strell, aliyewahi kufanya kazi na Fischer, likatangaza hatua zake za mwisho kutoka Munich, likianzia pale mwalimu alipokuwa amefika.