Roosevelt: Rais aliyeendesha vita na moyo uliochoka, na hakuuliza hata siku moja anaugua nini

Cheki ile picha ya Yalta ya Februari 1945, ya wakubwa watatu waliokutana kupanga dunia itakavyokaa Hitler akishaanguka. Kushoto ni Churchill, kulia ni Stalin, na katikati ni Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani. Buda amekonda, mashavu yameingia ndani, joho linamlemea mabegani. Alikuwa ametimiza miaka 63 siku chache tu kabla, lakini ukiulizwa utasema 80. Kitu picha haikuambii ni kwamba moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma damu kwa karibu mwaka mzima, na wasee waliokuwa na rada ya hiyo story walihesabika kwa vidole.

Tuanze nyuma kidogo. Roosevelt alizaliwa 1882 Hyde Park, New York, mtoto wa kishua haswa: boma kubwa, mathe wa kumdekeza, jina la familia la kufungua milango. Agosti 1921, akiwa na miaka 39, polio ikampiga na miguu ikapooza. Wengi wakajua siasa zake zimeisha. Yeye akajifunza kusimama kwa vyuma vilivyofungwa miguuni huku ameshikilia mkono wa mtu, na 1928 akachaguliwa gavana wa New York, kisha 1932 akachukua urais. Alishinda mara nne. Hakuna mwingine Marekani aliyefika hapo, na katiba yao siku hizi hairuhusu.

Shika hiyo ya miguu, maana inaeleza mengi. Huyu ni mtu aliyekuwa na zaidi ya miaka 20 ya kuficha mwili wake. Wapiga picha walijua kabisa hawafai kumnasa akibebwa au akisukumwa kwa kiti cha magurudumu. Kwa hivyo moyo ulipoanza kuleta noma, njia ya kuificha ilikuwa tayari.

Mapema 1944 alikuwa na kikohozi kisichoisha, uso umepauka, anasinzia katikati ya kazi. Daktari wa Ikulu, Ross McIntire, alikuwa mtaalamu wa masikio, pua na koo, na akasema ni mafua tu. Aliyekataa kununua hiyo ni Anna, binti ya Roosevelt, aliyekuwa amerudi kuishi na mbuyu wake. Alisumbua mpaka mzee akapelekwa hospitali ya jeshi la wanamaji kule Bethesda mwisho wa Machi. Huko alipimwa na daktari kijana wa moyo, Howard Bruenn. Presha ilikuwa 186 juu ya 108, na wewe unajua ya kawaida ni kama 120 juu ya 80. Moyo ulikuwa umevimba, midomo ina rangi ya bluu, mapafu yana maji, na kumgeuza tu kitandani kulimfanya ahemee juu juu.

Hapa watu huchanganya mambo. Moyo kufeli si moyo kusimama. Fikiria pampu ya maji ya ploti inapochoka: bado inanguruma, lakini wa ghorofa ya nne wanangoja na mitungi, huku chini maji yanarudi na kufurika. Ndivyo mwili ulivyo. Damu haifiki vizuri inakotakiwa, na majimaji yanarudi nyuma na kujaa kwenye mapafu. Ndiyo maana mgonjwa wa hivyo anakohoa, anachoka kwa kazi ndogo, na akilala chali anaweza kuhisi kama anazama.

Bruenn alitaka mzee alale kitandani wiki moja au mbili, asiguse kazi. Akaambiwa sahau, kuna vita. Wazee wa udaktari wakaitwa, wakabishana, lakini kwa dawa Bruenn alisimama kidete. Roosevelt akaanza digitalisi, dawa iliyotoka kwa majani ya ua ambalo Wazungu walilijua tangu karne ya 18, na ambayo huufanya moyo upige kwa nguvu zaidi. Ndani ya wiki mbili hivi mapafu yalisafika na akaanza kulala fofofo. Lakini presha yenyewe haikuwa na dawa ya maana. Vile vidonge nyanyako anameza asubuhi na chai havikuwepo.

Sasa angalia vile siku yake ilipangwa. Chumvi ikapunguzwa. Chakula kikapimwa ili apungue uzito. Kitanda kikainuliwa upande wa kichwa. Fegi, ambazo alikuwa akivuta zaidi ya 20 kwa siku, zikashushwa, na zile kokteli alizopenda kuchanganya mwenyewe jioni zikahesabiwa. Kazi saa chache asubuhi, chakula cha mchana bila wageni wa kumchosha, kulala kidogo, kazi tena kidogo, kisha usingizi wa saa kumi. Yaani rais anayeendesha vita vya dunia anafanya kazi kwa saa chache kuliko wewe unayetoka Rongai saa kumi na moja asubuhi! Mwezi Aprili alienda kupumzika shambani kwa rafiki yake kule South Carolina, akapanga wiki mbili, akakaa nne.

Alifuata mengi ya hayo, hata akapoteza karibu kilo 10 na kujivunia tumbo lililoisha. Shida ni kwamba aliendelea kukonda hadi nguo zikaanza kumvaa yeye.

Na hapa ndipo mimi humshangaa. Karibu kila siku Bruenn alikuja kumpima. Roosevelt alinyoosha mkono, akameza vidonge, akapiga story. Hakuuliza presha imefika ngapi. Hakuuliza dawa ni ya nini wala kwa nini daktari wa moyo amegeuka kuwa kivuli chake. Bruenn naye alikuwa ameagizwa na McIntire asimwambie mgonjwa wala familia. Wengine watasema huo ni ujasiri. Mimi naona ni mtu aliyejua jibu na hakutaka kulisikia likisemwa, kwa sababu likishasemwa itabidi aamue kuhusu uchaguzi.

Uchaguzi aliuingia. Agosti, akihutubia kule Bremerton juu ya meli ya kivita, kifua kilimbana kwa maumivu makali na akaendelea kusoma hotuba. Septemba akiwa Quebec alionyeshwa filamu kuhusu Woodrow Wilson, rais aliyepatwa na kiharusi akiwa Ikulu, na ilipoisha presha yake ilisoma 240 juu ya 130. Magazeti yakaanza kunong'ona kwamba mzee amekwisha. Jibu lake? Tarehe 21 Oktoba alizunguka jiji la New York saa nne kwa gari lililo wazi, mvua inamnyeshea, akipungia watu kofia. Hata homa hakupata. McIntire akaambia wanahabari rais yuko fiti, na Novemba akashinda.

Kule Yalta, baada ya kikao kigumu kuhusu Poland, Bruenn alishika mkono wake na kusikia pigo moja zito, linalofuata hafifu, tena zito, tena hafifu. Ni dalili ya moyo uliofika ukingoni. Anna alikuwa amesafiri na babake, na ni huko alikoelezwa na Bruenn kwamba hali ni mbaya kuliko alivyodhani. Akanyamaza, akawa anawafukuza wageni kwa adabu ili mzee alale.

Tarehe 1 Machi Roosevelt alihutubia Bunge akiwa ameketi, na kwa mara ya kwanza akataja hadharani uzito wa vyuma vya miguu yake. Miguu aliitaja. Moyo, hapana.

Tarehe 12 Aprili 1945 alikuwa Warm Springs, Georgia, anachorwa picha na Elizabeth Shoumatoff. Akashika kichwa, akalalamika kinauma sana upande wa nyuma, akazimia. Presha ilipita 300. Mshipa ulikuwa umepasuka kwenye ubongo, na saa tisa na dakika 35 alasiri akafa. Makamu wake, Harry Truman, alikuwa kazini siku 82 tu, na hakuwa ameelezwa habari kamili za bomu la atomiki lililokuwa likitengenezwa.

McIntire alisema kifo hicho kilitokea ghafla bila dalili. Faili la Roosevelt lililokuwa Bethesda likapotea. Bruenn alikuwa na maandishi yake mwenyewe, na akakaa nayo hadi 1970 ndipo akayachapisha kwenye jarida la madaktari, namba zote za presha zikiwemo.