Yeftha wa Gileadi: Mwamuzi na Mamlaka ya Neno

Miongoni mwa waamuzi waliowaongoza Waisraeli kabla ya kuwapo ufalme, Yeftha ndiye ambaye maisha yake yalitawaliwa zaidi na neno lililotamkwa. Kisa chake kimo katika sura ya 11 na ya 12 za Kitabu cha Waamuzi. Jina lake lenyewe linatokana na kitenzi cha Kiebrania chenye maana ya kufungua.

Yeftha alizaliwa Gileadi, mashariki ya mto Yordani, na mama aliyekuwa kahaba. Ndugu zake wa kwa baba walimnyima urithi na kumfukuza, naye akakimbilia nchi ya Tobu. Waamoni walipoishambulia Gileadi, wazee walimfuata huko. Hakuridhia mpaka walipoahidi kwa kiapo kumfanya mkuu wao. Kisha alituma wajumbe kwa mfalme wa Amoni, akijenga hoja kwamba Waisraeli walikwisha kuikalia nchi hiyo miaka 300. Hoja ilipuuzwa, vita vikafuata.

Kabla ya vita aliweka nadhiri ya kumteketezea Mungu yeyote atakayetoka mlangoni mwake kumlaki. Alishinda. Aliporejea Mispa, aliyetoka kwa matari na ngoma alikuwa binti yake wa pekee. Yeftha aliamini kwamba neno lililokwisha kutoka kinywani halirudi. Binti aliomba miezi miwili ya kuulilia ubikira wake milimani, na baadaye nadhiri ikatimizwa. Kitabu hakimtaji kwa jina.

Hatimaye Waefraimu, kutoka magharibi ya mto, walilalamika kwamba hawakuitwa vitani. Majadiliano yaliyofanywa na Waamoni hayakurefushwa kwa jamaa hawa. Wagileadi waliwashinda, wakaviteka vivuko vya Yordani na kumtaka kila mpitaji atamke shibolethi. Neno hilo huweza kuwa na maana ya suke la nafaka au mkondo wa maji, lakini pale kivukoni maana haikuwa na uzito wowote. Aliyetamka kikwamizo /s/ mahali pa /ʃ/ aliuawa. Kitabu kinataja waliokufa kuwa 42,000.

Yeftha aliamua Israeli kwa miaka 6, akafa. Mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya nasaba yake aliongoza watu waliowaua ndugu zao kwa sababu ya lafudhi, na wote wawili, aliyeuliza na aliyejibu, walizungumza lugha moja.