Mfahamu mchungaji aliyewaomba wanakijiji wasikimbie tauni

Mwaka 1666 kijiji kidogo cha Eyam, mkoa wa Derbyshire huko Uingereza, kilijifungia chenyewe. Hakuna kutoka, hakuna kuingia. Aliyewashawishi watu kufanya hivyo ni mchungaji kijana, hata miaka 30 hajatimiza. Jina lake William Mompesson.

Mompesson alisoma Cambridge, akapangiwa Eyam mwaka 1664. Kijiji kiko kwenye vilima vya Peak District, chini ya ukingo mrefu wa mlima. Wakati huo watu waliishi kwa kuchimba madini ya risasi na kufuga.

Wenyeji hawakumchangamkia. Mioyo yao ilikuwa bado kwa Thomas Stanley, mchungaji wa zamani aliyepoteza kazi kwa kukataa utaratibu mpya wa Kanisa la Uingereza.

Mwaka 1665 fundi nguo wa kijijini aliletewa vitambaa kutoka London, ambako tauni ilikuwa inaua watu kila siku. Inaaminika vilikuja na viroboto. Msaidizi wake, George Viccars, ndiye aliyetangulia kufa, mwanzoni mwa Septemba.

Baridi ilipoingia vifo vikapungua, lakini kiangazi cha 1666 ugonjwa ukarudi kwa kishindo. Watu wakataka kukimbia. Mompesson aliona hatari: Sheffield iko umbali wa kilomita 20 hivi tu, na njiani kuna vijiji vingine. Alijua pia kwamba peke yake hasikilizwi. Basi akamfuata Stanley, wakaweka tofauti zao pembeni, wakasimama pamoja mbele ya watu. Wanakijiji wakakubali kubaki.

Mpaka ukawekwa. Chakula kililetwa na kuachwa mpakani, kingine kikitoka kwa Earl wa Devonshire wa jumba la Chatsworth. Malipo yaliachwa kwenye jiwe lenye matundu yaliyojazwa siki, ili sarafu zisibebe ugonjwa. Kanisa likafungwa, ibada zikahamia bondeni, watu wakisimama mbalimbali.

Kila familia ilizika watu wake yenyewe. Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita ndani ya siku nane tu, kwa mikono yake.

Mompesson naye hakusalimika na msiba. Watoto wake wawili alikuwa amewapeleka mbali mapema, ila mkewe Catherine alikataa kumwacha. Akabaki akiwahudumia wagonjwa, na Agosti 1666 tauni ikamchukua. Alikuwa na miaka 27.

Novemba ugonjwa ukaisha. Eyam ilikuwa imepoteza watu wapatao 260, lakini tauni haikuenea vijiji vya jirani.

Ungedhani baada ya hapo mchungaji huyu angepokewa kwa shangwe kila aendako. Wapi! Alipohamishiwa Eakring, mkoa wa Nottinghamshire, watu walimwogopa kwa sababu ametoka kwenye kijiji cha tauni. Ikabidi akae kwanza kwenye kibanda nje ya kijiji mpaka hofu ilipopoa.

Baadaye alioa tena, akapewa nafasi ya ukuu wa kanisa kubwa la Lincoln, akaikataa. Alifariki Eakring mwaka 1709.

Kaburi la Catherine lipo hadi leo kwenye uwanja wa kanisa la Eyam. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Agosti, wanakijiji hufanya ibada ya kuwakumbuka waliokubali kubaki.