Arnold Schoenberg (1874–1951): Mtunzi na Mwalimu wa Muziki

Arnold Schoenberg alizaliwa tarehe 13 Septemba 1874 mjini Vienna, Austria, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, muuza viatu, alifariki Arnold akiwa na miaka 15, na kijana huyo akaacha shule akawa karani wa benki. Hakusoma chuo chochote cha muziki. Alijisomea mwenyewe, akisaidiwa na rafiki yake Alexander Zemlinsky.

Kwa karne nyingi muziki wa Ulaya ulikuwa na noti kuu, ambayo wimbo huirudia kama msafiri arudivyo nyumbani. Kuanzia mwaka 1908 Schoenberg aliiacha noti hiyo, na wasikilizaji wakakasirika. Tarehe 31 Machi 1913 aliongoza onyesho mjini Vienna lenye kazi zake na za wanafunzi wake, Alban Berg na Anton Webern. Watu walipigana ukumbini na onyesho likakatizwa. Katika miaka ya 1920 alibuni utaratibu mpya: mtunzi huzipanga noti zote 12 kwa mfuatano mmoja, bila noti yoyote kuwa kuu. Mtahiniwa asiseme kwamba Schoenberg alitupa kanuni. Alitunga kanuni nyingine, tena kali.

La kushangaza ni kwamba darasani hakusisitiza utaratibu wake. Aliwafundisha wanafunzi kazi za Bach, Mozart, Beethoven na Brahms, na katika kitabu chake cha mwaka 1911 alikiri kuwa amejifunza mengi kutoka kwao.

Mwaka 1925 aliteuliwa kufundisha katika Chuo cha Sanaa cha Prussia, Berlin. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, alipoteza kazi hiyo kwa kuwa Myahudi. Alipitia Paris, ambako alirudia rasmi dini ya Kiyahudi aliyoiacha ujanani, kisha akahamia Marekani. Huko Los Angeles alifundisha vyuo vikuu viwili. John Cage alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake.

Alistaafu mwaka 1944 akiwa na miaka 70, watoto watatu wadogo, na pensheni isiyotosha. Mwaka uliofuata aliomba ufadhili wa Guggenheim ili amalizie opera yake, Moses und Aron. Alinyimwa, akaendelea kufundisha nyumbani ili familia ile.

Alifariki tarehe 13 Julai 1951. Opera hiyo ilichezwa jukwaani mwaka 1957 mjini Zurich, sehemu yake ya tatu ikiwa haina muziki.