Giuseppe Verdi, Kijana Aliyekataliwa Chuoni



Kamati ya kijitabu ilipokaa kupanga kurasa hizi, tulikubaliana kwamba baada ya historia ya kwaya yetu na picha za waanzilishi tuweke maisha ya mtunzi mmoja mkubwa wa zamani. Wengi walimtaja Handel. Mwishowe tukamchagua Giuseppe Verdi wa Italia, na sababu yake hatutaificha. Mwaka jana baadhi yetu tulifanya mtihani wa muziki, wa nadharia na wa piano. Wapo waliopita, nao walipigiwa makofi hapa kanisani. Wapo tulioanguka, na hakuna aliyetutaja. Mmoja wetu alirudisha faili lake la nyimbo Jumamosi iliyofuata, na mpaka tunapoandika haya hajaonekana mazoezini. Verdi naye aliwahi kurudi na jibu la hapana, tena kwa watu waliokuwa wameweka tumaini na fedha zao juu yake.

Alizaliwa Oktoba 1813 katika kijiji cha Le Roncole, karibu na mji mdogo wa Busseto, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Carlo, alikuwa na duka na nyumba ndogo ya wageni. Mama yake, Luigia, alikuwa akisokota nyuzi. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la kijiji. Wazazi walipoona mtoto hatoki kwenye muziki, walimnunulia kinanda kidogo cha nyuzi, kikuukuu, cha aina inayoitwa spineti. Fundi aliyekitengeneza mwaka 1821 hakutaka malipo. Alipendezwa na bidii ya mtoto, akaandika hivyo ndani ya kinanda chenyewe. Verdi alikitunza kinanda hicho maisha yake yote.

Bado akiwa mtoto, alikabidhiwa kinanda cha kanisa la kwao. Alipopelekwa Busseto kusoma hakuiacha kazi hiyo: kila Jumapili alitembea kilomita kama tano kurudi kijijini kupiga kinanda ibadani. Wale wetu wanaokuja mazoezini kwa miguu watamwelewa.

Huko Busseto alikuwepo mfanyabiashara aitwaye Antonio Barezzi, mpenzi wa muziki kupita kiasi, ambaye nyumbani kwake ndiko chama cha wanamuziki wa mji kilikokuwa kikifanyia mazoezi. Barezzi alimpenda kijana huyu, akamkaribisha kuishi kwake. Ikapangwa aende Milano, mji mkubwa, akajiunge na Chuo cha Muziki. Mfuko mmoja wa msaada wa mjini ulikubali kumlipia karo, na Barezzi akaahidi kuongezea.

Juni 1832, akiwa na miaka 18, Verdi akafanya mtihani wa kuingia chuoni. Akakataliwa.

Sababu hazikuwa moja. Chuo kilipokea watoto wadogo, na yeye alikuwa amekwisha pita umri uliowekwa. Alitoka Parma, ambayo wakati huo ilikuwa nchi nyingine yenye mtawala wake, hivyo alihesabiwa mgeni. Nafasi zilikuwa chache. Na juu ya hayo, mwalimu wa piano aliyemsikiliza aliona mikono yake inakaa vibaya kwenye kinanda, na kwa umri wake ingekuwa vigumu kuinyoosha. Nyimbo alizotunga ziliwapendeza watahini kiasi fulani, lakini hazikutosha kumwokoa.

Hapa tunataka tukae kidogo. Watu husimulia habari hii kana kwamba watahini walikuwa vipofu. Sisi hatuoni hivyo. Mikono ya Verdi kweli ilikuwa na kasoro, kwa kuwa kule kijijini hakuna aliyejua kuirekebisha. Nusu ya wapiga kinanda wetu walijifunza kwa kusimama nyuma ya mkubwa wao na kutazama vidole vyake, na wanajua jinsi kosa la mwanzo linavyokomaa mkononi. Mtihani uliona kitu cha kweli. Kilichokosewa ni kudhani kwamba kitu hicho ndicho Verdi mzima.

Aliumia sana, wala hakusahau hata uzeeni. Lakini Barezzi hakumwita arudi nyumbani. Mwanamuziki mmoja wa chuo hichohicho alimshauri asiufikirie tena mlango ule, atafute mwalimu mjini, na Barezzi akakubali kulipa gharama zaidi ya zile zilizopangwa. Mwalimu aliyepatikana aliitwa Vincenzo Lavigna, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika La Scala, jumba kubwa la opera la Milano. Lavigna hakumwonea huruma. Kwa muda wa miaka kama mitatu alimkalisha kwenye mazoezi makavu: jinsi ya kusuka sauti mbili, tatu, nne ziende pamoja bila kugombana, na jinsi ya kuandika fyugi, ule muziki ambao sauti moja huanza na nyingine kuifuata ikiirudia. Ukurasa baada ya ukurasa, na hapakuwa na wa kumpigia makofi.

Mwaka 1834 kulikuwa na kundi la waimbaji wa kujitolea Milano lililokuwa likiandaa utenzi wa Haydn juu ya Uumbaji, ule wa Mwanzo sura ya kwanza. Verdi alikuwa akienda kusikiliza mazoezi. Siku moja, kama alivyosimulia mwenyewe uzeeni, waongozaji hawakufika, akaombwa akae kwenye piano awasaidie. Akaanza kwa adabu, akipiga tu. Muziki ulipomkolea akawa anapiga kwa mkono wa kushoto na kuongoza kwa mkono wa kulia, na mwisho wa mazoezi wakamwachia aongoze onyesho lenyewe. Mikono ileile iliyokataliwa chuoni! Tunapenda sana habari hii kwa kuwa waliomwinua hawakuwa wakubwa wa muziki. Walikuwa wanakwaya kama sisi, waliokuwa wanangojea mwalimu aliyechelewa.

Huko Busseto mambo hayakumngoja kwa utulivu. Mwalimu wake wa zamani, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa kuu la mji, alifariki mwaka 1833, na wengi walitarajia Verdi apewe nafasi hiyo. Viongozi wa kanisa wakamchagua mwingine. Mji ukagawanyika, upande huu wa kanisa, upande huu wa chama cha muziki, hata karatasi za nyimbo zikagombaniwa. (Wazee wetu wa kwaya wanacheka wakisoma hapa, na tunajua wanakumbuka nini.) Mwishowe nafasi ya mwalimu wa muziki wa mji ikatangazwa, na ili aipate ilimbidi afanye mtihani mwingine, huko Parma, mapema mwaka 1836. Alikwenda. Safari hii akapita, na kupita vizuri. Mwaka huohuo akamwoa Margherita, binti ya Barezzi.

Kama habari ingeishia hapo tungeiandika kwa nusu ukurasa. Lakini yaliyofuata yalikuwa mazito kuliko mtihani wowote. Binti yao, Virginia, alifariki mwaka 1838 akiwa na mwaka mmoja na miezi. Mwana wao, Icilio, alifariki Oktoba 1839, naye akiwa na mwaka na kitu. Mwezi mmoja hivi baadaye opera ya kwanza ya Verdi, Oberto, iliimbwa La Scala na kupokewa vyema. Juni 1840 Margherita naye akafariki. Kwa mkataba, Verdi alitakiwa amalize opera ya kuchekesha. Akaimaliza. Ikaimbwa Septemba mwaka huo, watazamaji wakaizomea, ikaondolewa jukwaani baada ya usiku mmoja.

Akaamua kuacha kutunga. Hatuwezi kumlaumu.

Mkuu wa La Scala, Bartolomeo Merelli, hakubishana naye. Alimfungulia mkataba, lakini baadaye akamtia mkononi maandishi ya opera nyingine akamwomba ayasome tu. Yalihusu Nebukadneza na Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli. Ndani yake mlikuwa na maneno ya kwaya ya watumwa, yanayoukumbusha moyo Zaburi ya 137, ile ya kuketi kando ya mito na kuikumbuka Sayuni. Verdi alisimulia kwamba maneno hayo ndiyo yaliyomkamata, ingawa alipigana nayo. Mtu aliyezika watoto wawili na mke ndani ya miaka miwili alijua kinubi kilichotundikwa ni kitu gani.

Nabucco iliimbwa mara ya kwanza tarehe 9 Machi 1842, na mwaka huohuo ikarudiwa La Scala zaidi ya mara 50. Wimbo wa watumwa ukawa wimbo wa Italia nzima. Waimbaji, angalieni jambo moja: sehemu kubwa ya wimbo huo watu wote huimba sauti moja. Aliyefundishwa na Lavigna kusuka sauti nne alijua pia wakati wa kuacha kuzisuka.

Baada ya hapo njia ilinyooka, nasi tutaipita haraka. Alitunga zaidi ya opera 25: Rigoletto, La traviata, Aida, Otello, na ya mwisho, Falstaff, iliyoimbwa mwaka 1893 akiwa na miaka 79. Hiyo ilikuwa ya kuchekesha. Zaidi ya miaka 50 baada ya kuzomewa, alirudi palepale alipoangukia. Mwaka 1874 aliongoza katika kanisa la San Marco, Milano, Misa yake ya wafu kwa kumbukumbu ya mwandishi Alessandro Manzoni. Si kazi ya kwaya ndogo, lakini anayeweza aisikilize. Siku ya hukumu inavyopigwa na ngoma kubwa humo, hata asiyejua Kilatini hushtuka. Tuseme kweli pia kwamba Verdi hakuwa mtu wa kwenda kanisani sana. Hatumweki hapa kama mtakatifu.

Chuo kilichomkataa kilitaka baadaye kuitwa kwa jina lake. Yeye hakupendezwa. Leo kinaitwa hivyo, na kila anayeingia pale kufanya mtihani hupita chini ya jina la aliyeanguka.

Uzeeni alitumia fedha zake kujenga Milano nyumba ya wanamuziki wazee, wale waliofanya kazi hii maisha yao yote na wasijaliwe kupata akiba. Aliagiza isifunguliwe kabla yeye hajafa, kwa kuwa hakutaka kushukuriwa. Ilifunguliwa mwaka 1902, na ingali inapokea wazee.

Verdi alifariki Milano tarehe 27 Januari 1901. Aliagiza azikwe kimya, bila muziki wala kuimba, na watu wakamtii. Lakini mwezi mmoja baadaye mwili wake na wa mke wake wa pili, Giuseppina, ulihamishiwa kwenye ile nyumba ya wazee. Barabara zilijaa. Arturo Toscanini aliinua mkono, na waimbaji zaidi ya 800 wakaimba wimbo wa watumwa kutoka Nabucco.

Nasi tutauimba leo jioni, baada ya shukrani za wafadhili. Sauti ya pili tuna kiti kimoja kitupu, na faili lenye jina lake liko juu yake.